Nimemkanyaga Paka Wangu: Dalili, Sababu na Wakati wa Kukimbilia kwa Daktari

Visa ni vilevile kila siku. Umeme umekatika, umeamka kwenda chooni, ukamkanyaga mkia. Mlango wa chuma umejibamiza kwa upepo naye yuko kizingitini. Mtoto alikuwa amembeba, akamponyoka. Umemfokea kwa kuiba samaki na tangu hapo anakupitia mbali. Anayeuliza "ameumia?" mara nyingi anauliza pia, kwa sauti ya chini, "nimemfanyia nini?" Hayo ni maswali mawili na kila moja lina jibu lake.

Nitangulize jambo moja, maana ndilo linalonikera zaidi. Paka wengi huvuka ajali ndogondogo za nyumbani salama, kisha wakaumizwa na toba ya mwenye paka. Anaburutwa kutoka uvunguni ili abembelezwe. Anapewa nusu kidonge cha Panadol. Anapakwa Dettol. Kwa hiyo kabla ya kufanya lolote, kaa chini umtazame.

Ukaguzi wa kwanza

Anza na pumzi. Paka aliyetulia hupumua kama mara 20 hadi 30 kwa dakika. Tazama mbavu zake: kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Mara tu baada ya kushtuka itakuwa juu, ni kawaida; mwache nusu saa mahali penye kimya, urudie. Ikibaki juu ya 40 naye amelala, mpigie daktari. Kama anakoroma ile koroma yao ya raha, subiri amalize ndipo uhesabu. Na usiichukulie koroma kuwa cheti cha afya, kwa sababu paka hukoroma hata akiwa na maumivu makali.

Halafu fizi, kama atakubali umwinue mdomo wa juu bila ugomvi. Ziwe na rangi ya waridi. Bonyeza kwa kidole, paweupe, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Paka wengine wana fizi nyeusi kwa asili. Kwa hao angalia ulimi.

Kisha uso. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha kipimo cha maumivu kinachosomwa usoni mwa paka. Wanaangalia mambo matano: masikio yaliyoachana na kulala pembeni, macho yaliyobanwa, eneo la pua na mdomo lililokaza, sharubu zilizonyooka kwenda mbele, na kichwa kilichoshuka hadi usawa wa mabega au chini yake. Kila kimoja hupewa 0, 1 au 2. Akifika 4 kati ya 10, anahitaji dawa ya maumivu, ile ya daktari wa wanyama. Fanya hivyo akiwa macho na asiwe anakula. Paka aliyelala fofofo pia hubana macho.

Mwisho, mwache atembee mwenyewe. Usimnyanyue ili umjaribu.

Usisome zaidi, nenda kliniki sasa hivi, iwapo:

- anahema mdomo wazi kama mbwa;
- fizi ni nyeupe, za bluu au za kahawia;
- miguu ya nyuma haimbebi;
- anajikamua kukojoa na mkojo hautoki;
- anatetemeka mwili mzima au ana degedege;
- damu inatoka puani au mdomoni baada ya kuanguka;
- amegongwa na gari au bodaboda, hata kama ameinuka na kutembea.

"Amejificha uvunguni na hatoki"

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote. Sababu ya kwanza na ya kawaida ni woga tu. Ya pili ni kwamba kilichomtisha bado kipo: fundi anapiga nyundo, jenereta la jirani, fataki za sikukuu, wageni na watoto wao. Ya tatu ni maumivu. Ya nne, ugonjwa uliokuwepo kabla ya tukio, ambao wewe umeugundua leo kwa kuwa leo ndiyo umeanza kumwangalia.

Utawatofautisha hivi. Lala kifudifudi mbali kidogo na kitanda, usimkodolee macho, ukwaruze mfuko wa dagaa. Paka mwenye woga ana mboni kubwa, lakini masikio yake yanazunguka yakifuata sauti, na anajua uko wapi. Kwenye vigae utaona hata nyayo zake zimeacha alama za unyevu, kwa sababu paka hutoka jasho nyayoni. Mwenye maumivu amejikunyata, macho nusu, mgongo umepinda, na mfuko wa dagaa haumhusu.

Kwa mwenye woga, dawa ni kumwacha. Sogeza maji, chakula na sanduku la mchanga hadi chumba hichohicho, zima taa kubwa, funga mlango ili watoto wasichungulie kila dakika. Usiku weka dagaa watano kwenye kisahani, wawe wamelowekwa kutoa chumvi. Asubuhi hesabu. Wakiwa wawili, umepata habari njema bila kumgusa mtu. Wengi hutoka ndani ya saa chache, wengine hungoja usiku nyumba ilale.

Usimvute mguu, usiingize fagio, usisogeze kitanda. Kila ukifanya hivyo unamthibitishia kwamba alikuwa sahihi kujificha.

Wakati wa kupiga simu: saa 24 bila kula kabisa. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila chakula, mafuta hukimbilia kwenye ini na ini hushindwa kazi, na hapo tatizo dogo limekuwa kubwa. Mtoto wa paka wa wiki chache usimngojee hivyo. Nusu siku bila kula inatosha kumpeleka, sukari mwilini mwake hushuka haraka.

"Anachechemea"

Kama umemkanyaga mguu na sasa anaukanyagia kwa uangalifu, huenda ni nyama iliyochubuka. Hupungua ndani ya siku moja au mbili akizuiwa kuruka. Kinachofuata kwa wingi ni ukucha uliochanika. Bonyeza taratibu kidole cha mguu, ukucha utachomoza. Linganisha na mguu wa pili. Angalia pia katikati ya nyayo: mwiba, kipande cha chupa, mwiba wa nyuki.

Akianza kuchechemea siku mbili tatu baadaye, mguu umevimba na una joto, usijilaumu haraka. Hilo mara nyingi ni jipu la kung'atwa na paka mwenzake. Jino la paka ni jembamba, tundu hufunga juu, usaha unabaki ndani. Madume wasiohasiwa ndio wateja wakubwa. Litahitaji kupasuliwa na daktari, na siyo kwa wembe wa nyumbani.

Mguu unaoning'inia, uliopinda mahali pasipo na kiungo, au asioukanyagia kabisa kwa saa kadhaa ni wa kupigwa picha ya eksirei. Usimfunge vijiti. Gango baya humuumiza kuliko kutomfunga.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mara humwangushia lawama mtu asiye na kosa. Paka analia ghafla kwa ukali, miguu ya nyuma imekufa, na nyumba nzima inaulizana nani amemkanyaga. Gusa nyayo za nyuma: zikiwa baridi kuliko za mbele na zimepauka, inawezekana ni damu iliyoganda na kuziba mshipa mkubwa, tatizo linalotokana kwa kawaida na moyo. Hakuna aliyemkanyaga. Ni dharura, na maumivu yake ni makali mno.

"Mkia umelegea"

Mkia uliokanyagwa ncha hupona, wakati mwingine ukibaki na kikunyo. Hatari iko shinani, kwa paka aliyekuwa anakimbia huku mkia umebanwa mlangoni, au aliyevutwa mkia na mtoto. Mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye kibofu hupita karibu na hapo. Ikivutwa, mkia unaning'inia kama kamba na mkojo unaweza kugoma kutoka, au ukawa unadondoka wenyewe.

Kwa hiyo usishughulike na mkia peke yake. Tafuta mkojo. Weka sanduku lenye mchanga mpya na uangalie kama kuna bonge lenye unyevu ndani ya saa 12. Hakuna mkojo, au manyoya ya nyuma yamelowa muda wote: daktari, siku hiyohiyo. Kadhalika ngozi ya mkia ikiwa imechunika.

"Ameanguka, lakini anaonekana mzima"

Paka hujigeuza hewani na kutua kwa miguu, hilo ni kweli, ila kutua kwa miguu hakuzuii kifua na kidevu kugonga sakafu. Aliyeanguka kutoka ghorofani au juu ya paa anaweza kupasuka kaakaa, kuvunjika taya, kupasuka kibofu, au kuchanika ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Baadhi ya hayo hujionyesha baada ya saa nyingi, wakati nyumba imeshatulia na kumsahau.

Kutoka mikononi mwa mtoto hadi kwenye zulia, mfungie chumba kimoja siku nzima, umhesabie pumzi asubuhi, mchana na jioni. Kutoka ghorofa ya kwanza kwenda juu, mpeleke akaguliwe hata akila vizuri.

"Ananikwepa tangu nilipomfokea"

Hapa watu husema "amenuna" au "ana kisirani". Paka haunganishi makelele yako na samaki aliyemla dakika kumi zilizopita. Anachojua ni kwamba kiumbe mkubwa alitoa sauti ya kutisha ghafla. Mwili wake unaweza kubaki na wasiwasi kwa saa nyingi baada ya hapo, na ukimshika katikati ya hali hiyo atakukwaruza hata kama anakupenda.

Ikipita siku ya pili na bado anakwepa, jiangalie wewe unavyomjia. Huenda unamwinamia kutoka juu, unanyoosha mkono kichwani, au unaburuza ndala zilezile zilizomkanyaga. Vua ndala. Kaa kwenye mkeka, mpe ubavu badala ya uso. Mtazame kidogo, ufumbe macho polepole kama mtu mwenye usingizi, uyafungue, ugeuke. Hiki siyo kichekesho. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa paka hufumba macho zaidi wakijibu mtu anayefanya hivyo, na huwa tayari zaidi kumsogelea hata mgeni. Tupa kipande cha samaki kati yenu, kesho karibu zaidi. Akija kunusa kidole, mkune shavuni, uache kabla hajaondoka yeye.

Kama anakwepa ukigusa sehemu moja tu ya mwili, mgongo kwa mfano, hilo ni suala la maumivu, rudi juu.

Na kama amekushambulia bila wewe kumfanya kitu, chungulia dirishani. Paka mgeni akipita uani, wa ndani hupandwa na hasira ambayo haina pa kwenda, ikamwishia aliye karibu. Funga pazia, toka chumbani, mwache.

Chupa ya kumpulizia maji ili "kumfunza adabu" itupe. Inamfunza kukuogopa wewe.

"Anaingia sandukuni kila mara, anakojoa matone"

Mshtuko au mabadiliko nyumbani huweza kuchokoza kibofu kikawaka bila hata vijidudu. Jike atakojoa kidogokidogo, pengine na damu, mpeleke kesho. Dume ni habari nyingine. Njia yake ya mkojo ni nyembamba na huziba. Watu humwona anajikamua wakadhani amefunga choo, wakampa mafuta ya kula. Dume aliyeziba anaweza kufa ndani ya siku moja hadi mbili, kwani sumu na potasiamu hupanda kwenye damu mpaka moyo ukasimama. Tumbo la chini likiwa gumu kama chungwa na akilia ukiligusa, usingoje kupambazuke.

"Nilimpa dawa, sasa hali imebadilika"

Hapa ndipo ajali ndogo hugeuka msiba, na ndipo naomba usome kwa utulivu.

Paracetamol, yaani Panadol na ndugu zake wote wenye jina hilo kwenye karatasi. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumwua paka mzima, na nusu yake si salama. Ndani ya saa chache fizi hugeuka za kahawia au bluu, uso na miguu huvimba, pumzi hupanda, mkojo unakuwa mweusimweusi. Dawa ya kuizuia ipo, lakini inafaa zaidi akiwahi kabla ya dalili. Umempa? Nenda sasa, na sema ukweli umempa nini na saa ngapi. Diclofenac, ibuprofen na aspirini nazo zisiguse mdomo wake.

Dawa ya kupe na viroboto ya mbwa. Kwenye maduka ya dawa za mifugo utaambiwa "weka kidogo tu." Soma kibandiko: ukiona permethrin, haimfai paka kabisa. Atatetemeka masikio, kisha mwili, kisha degedege. Kama anajiweza, mwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunge taulo, umpeleke kliniki. Akiwa kwenye degedege usimwoshe, mbebe uende moja kwa moja. Dawa za kuogeshea ng'ombe usizijaribu hata kwa tone.

Dettol na dawa nyingine za kuua vijidudu za aina hiyo. Hatari kubwa iko kwenye ulimi wake: atairamba yote na kuunguza kinywa, na kemikali zake ni sumu kwa paka. Kidonda kidogo kisafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita.

Maziwa hayaondoi sumu. Chumvi ya kumtapisha ni sumu nyingine. Chochote unachommiminia kwa nguvu kinaweza kuingia mapafuni.

Kumbeba bila kuumizana

Paka mwenye maumivu humng'ata hata aliyemlea. Mfunike kanga nzito au taulo, mzoe kwa pamoja kifua na makalio, umweke kwenye boksi lenye matundu. Ukihisi mgongo umeumia, mtelezeshe kwenye sinia pana au ubao. Mfuko wa salfeti uliofungwa kamba kwenye bodaboda usitumike. Hewa ni haba na hofu ni mara mbili.

Akikung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo bado uko kwetu na paka huupata. Tundu la jino la paka pia huoza haraka, hasa mkononi.

"Paka hana kitu, mimi ndiye sina amani"

Amekula, amekojoa, anatembea, amelala miguu juu. Wewe bado unarudia tukio kichwani. Sababu ya kawaida ni huruma, nayo hupungua siku mbili tatu zikipita. Pwani na visiwani wengine huongezewa mzigo na hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Isikilize yote: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Mtu aliyekanyaga mkia gizani hayumo humo.

Ukaguzi uwe na kikomo. Pumzi mara tatu kwa siku, siku mbili, basi. Ukimbonyeza mbavu kila saa atakuwa na woga wa mikono yako, na woga huo utausoma kama dalili ya maumivu, utambonyeza tena. Badala yake rekebisha nyumba: taa ndogo ya sola kwenye korido, kizuizi cha mlango unaobamizwa na upepo, desturi ya kugonga boneti kabla ya kuwasha gari, na mtoto afundishwe kumpakata paka akiwa ameketi.

Kwa wengine wazo haliondoki. Unaogopa kutembea ndani ya nyumba usije ukamkanyaga. Unarudi mara nyingi kuhakikisha mlango haukumbana. Unapata picha kichwani za kumdhuru na zinakutia kichefuchefu, nawe hutaki kabisa. Mawazo ya namna hiyo yanayokuja bila kuitwa si ushahidi kwamba utayatenda, na kuyaogopa huko ndiko kunakoyafanya yarudi. Yakikula zaidi ya saa moja kwa siku, au yakikuzuia kumlisha, kulala au kwenda kazini, ni kazi ya mtaalamu wa afya ya akili. Hospitali kubwa za rufaa zina kliniki hiyo, na tiba yake ipo. Kumuuliza daktari wa paka swali lilelile mara ya sita hakutakupa nafuu ya zaidi ya dakika kumi.

Ukimpigia daktari

Maafisa mifugo wengi wamezoea ng'ombe na kuku. Uliza wazi kama wanatibu paka. Ukiwa karibu na Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na Nairobi kuna kliniki ya wanyama wadogo ya chuo kikuu pale Kabete. Taja umri, jinsia, kama amehasiwa, uzito wa kukisia, kilichotokea na saa yake, mara ya mwisho alipokula na kukojoa, pumzi kwa dakika, na kila ulichompa, hata kama unaona aibu kukitaja. Kama kuna karatasi ya dawa, nenda nayo mkononi.